Leteni Treni, Mtuachie Maji

Kuna video ambayo haiishi kuzunguka kwenye simu zetu. Treni fulani huko Uingereza inapita polepole, chini yake maji yanatoka kwa kishindo, ukungu unapanda hadi madirishani, na nyuma yake reli inabaki inang'aa. Ukimwonyesha mtu wa Eldoret video hiyo, atakuambia wenzetu wako mbele, kisha atauliza sisi lini. Na kwa kuwa tangu Agosti 15, 2024 tuna hati ya jiji, swali hilo siku hizi linaulizwa kwa kifua. Tuko city sasa. Kwa nini reli yetu ina nyasi, chupa za plastiki na mbuzi? Si waje na mashine waoshe hiyo kitu?

Mimi napinga. Napinga mashine hiyo, na hata zaidi napinga fikira iliyo nyuma yake: kwamba shida ya reli yetu ni uchafu, na uchafu ukiondolewa tutakuwa na reli. Mambo yako kinyume. Reli yetu ni chafu kwa sababu haina kazi ya kutosha. Kinachosafisha reli ni gurudumu la treni, na gurudumu ndilo tumenyimwa.

Tuanze na hiyo video, maana wengi wanaoisambaza hawajauliza yale maji yanaosha nini. Hayaoshi takataka. Yanaondoa majani ya miti. Kila mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, miti ya Uingereza hupukutisha majani, na mengine huangukia reli. Treni zinapita juu yake, zinayasaga, na kwa unyevu wa msimu huo yanageuka utando mweusi, mgumu na laini, unaoshikamana na chuma. Gurudumu likikanyaga hapo linateleza kama kiatu kwenye ganda la ndizi. Dereva anafunga breki na treni inaendelea kwenda.

Haya si masihara. Jioni ya Oktoba 31, 2021, karibu na mji wa Salisbury, treni ya abiria ilishindwa kusimama, ikapita taa nyekundu na kugonga treni nyingine mahali njia mbili zinapokutana. Dereva wake aliumia vibaya na abiria kadhaa wakapelekwa hospitalini. Wachunguzi walisema breki zilifungwa kwa kuchelewa, lakini pia kwamba reli ilikuwa inateleza mno kwa sababu ya majani.

Kwa hiyo Network Rail, shirika linalomiliki reli huko, hupeleka treni za kupiga maji kwa shinikizo linalofika baa 1,500. Nisieleweke vibaya, hii si baa ya Uganda Road. Baa ni kipimo cha shinikizo. Tairi la probox lina baa 2 na kitu. Mashine ya car wash ina kama baa 100 au 150. Baa 1,500 ni zaidi ya shinikizo lililoko chini kabisa ya bahari yenye kina kirefu kuliko zote duniani. Ukiweka mkono hapo, mkono hauna.

Sasa sikiliza sehemu ambayo video haionyeshi vizuri. Wakishapiga maji wanamwaga jeli yenye mchanga, ili gurudumu lipate pa kushika, maana reli yenye unyevunyevu nayo inateleza. Halafu baada ya siku moja au mbili majani yanaanguka tena, na treni inarudi kupiga tena. Mashine ile haijawahi kumaliza tatizo. Inaruhusu tu treni nyingi zilizopangwa siku hiyo zipite salama. Wanaosha kwa sababu wana treni. Sisi tunataka kuosha ili tuonekane tuna treni.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi, maana unatoka kwa watu wanaofanana nasi kwa bajeti na kwa msongamano. India iliosha reli kwa maji ya shinikizo kwa miaka mingi, hasa ndani ya stesheni. Sababu ilikuwa choo. Mabehewa yalikuwa na vyoo vyenye tundu, na kila kitu kilianguka moja kwa moja kwenye reli. Katika stesheni kubwa walimwaga saruji chini ya reli badala ya kokoto, kisha wafanyakazi wakawa wanapiga maji kila treni ikiondoka. Waliofanya kazi hiyo ni watu wa tabaka la chini kabisa, wengine na fagio tu mkononi, na mwaka 2013 nchi hiyo ikapitisha sheria mpya ya kupiga marufuku kuajiri watu kuondoa kinyesi kwa mikono. Uchafu ule pia ulikuwa unakula chuma cha reli.

Dawa ilipatikana wapi? Si kwa kununua pampu kubwa zaidi. Waliweka chini ya kila choo tangi lenye bakteria wanaosaga kinyesi. Kufikia takriban 2020, karibu mabehewa yote ya abiria yalikuwa yamebadilishwa. Waliziba tundu. Kabla ya kununua maji ya kuosha kitu, uliza kinachafuka kutoka wapi.

Hapa niseme ninachojua kwa mikono yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kabla sijaanza kulipwa kuandika nilishika mashine ya kuosha magari kwa karibu mwaka mzima. Nimeosha probox, nimeosha lori za kwenda Malaba zenye tope la kaunti tano. Kitu cha kwanza unachojifunza ni kwamba maji hayaondoi uchafu, yanauhamisha. Tope linatoka kwenye mudguard linaenda sakafuni, sakafuni linaenda mtaroni, mtaroni linaenda Sosiani. Sosiani inaingia Kipkaren, Kipkaren inaingia Nzoia, na Nzoia inamwaga Ziwa Victoria. Gari limeng'aa, mteja amefurahi, na mtu wa Budalangi anakunywa grisi yako.

Kitu cha pili unachojifunza ni kwamba maji ya nguvu hayana akili. Rangi iliyoanza kubambuka utaing'oa. Waya ulio wazi utaulowesha. Ukielekeza kwenye udongo unachimba shimo.

Sasa chukua mashine hiyo uielekeze kwenye reli ya hapa. Reli haikai hewani. Inakaa juu ya mataruma, na mataruma yanakaa juu ya kokoto. Kazi ya kokoto ni mbili: kushika mataruma yasicheze, na kuacha maji ya mvua yapite chini haraka. Kokoto ni lazima ziwe na nafasi katikati yake. Huku kwetu nafasi hizo zimejaa udongo unaoshuka na mvua, majivu, maganda ya mahindi, na mifuko iliyozikwa tangu kabla ya marufuku ya 2017. Ukipiga maji kutoka juu, unalowesha ule udongo na kuusukuma ndani zaidi. Kisha treni ya mizigo ikipita, kila gurudumu linabonyeza taruma chini na kuliachilia, na tope linapanda kama linavutwa na pampu. Reli inaanza kukaa upande. Hapo ndipo behewa linaanguka.

Kokoto zilizojaa tope zinasafishwa kwa kuchimbuliwa, kuchekechwa na kurudishwa, au kutupwa na kuwekwa mpya. Nchi tajiri zina mashine kubwa za kazi hiyo. Sisi tuna koleo, sururu na vijana wasio na kazi, na sioni aibu yoyote hapo. Reli ya Nairobi kwenda Nanyuki ilikuwa imelala kwa miaka mingi, mahali pengine imefunikwa na udongo na vichaka. Ilifufuliwa mwaka 2020 na Shirika la Reli, wanajeshi na vijana wa NYS, na mwisho wa mwaka huo treni ya abiria ikarudi. Mwaka uliofuata, Desemba, treni ya abiria ikarudi pia Nairobi hadi Kisumu, kwenye reli ile ile ya zamani yenye upana wa mita moja. Kwa hiyo inawezekana, na inajulikana namna ya kufanya.

Ndiyo maana naudhika nikisikia reli ya Eldoret ikizungumziwa kama takataka iliyoachwa na wakoloni, kitu cha kupambwa ama kuondolewa. Mji huu ulianza kama sehemu inayoitwa 64, wazungu walowezi wakiwa wanavuta mizigo kwa mikokoteni ya ng'ombe kutoka Londiani, ambako reli ilipita kwenda Kisumu. Reli yenyewe ilifika hapa mwaka 1924, ikipanda kutoka Nakuru hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha ikishuka Ainabkoi, Kipkabus na Plateau. Ilijengwa kwa jasho la Waafrika na kwa faida ya walowezi, sibishani. Lakini mahindi, ngano na vitambaa vilivyoufanya mji huu kuwa mji vilipita hapo.

Na ilikuwa safi. Wazee waliofanya kazi reli wanaweza kukueleza sababu. Kila kipande cha njia kilikuwa na genge lake na nyapara wake. Waliishi kwenye landi kando ya njia. Walitembea kipande chao kwa miguu, wakikata nyasi, wakizibua mifereji, wakikaza bolti, wakirudisha kokoto mahali pake. Mtu anayetembea kwenye reli anaona kile ambacho mashine ya maji haiwezi kuona: bolti iliyolegea, taruma lililoibwa, ufa. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu miundombinu ilikuwa inang'olewa na kuuzwa kwa kilo. Nani angeona mapema kwamba reli inaliwa? Wale wa genge, kama wangekuwepo.

Baadaye ikaja ile hadithi ndefu. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika 1977 pamoja na Jumuiya. Mwaka 2006 reli ya Kenya na Uganda ikakabidhiwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba ukafutwa 2017, hata nusu ya miaka hiyo haijafika. Mwaka huo huo SGR ikafunguliwa Mombasa hadi Nairobi, na ilipofika upande wa Naivasha mwaka 2019 ikasimama. Mafuta nayo yalikuwa yameshapata bomba lake hadi Eldoret tangu 1994. Mizigo mingi ikahamia lori, na lori zikapita katikati ya mji wetu mchana na usiku.

Treni za mizigo bado zipo, lakini ya abiria hatuna. Na reli isiyopitwa mara kwa mara ina tabia zake. Uso wa chuma unaokanyagwa kila siku unang'aa kama kijiko. Ukiachwa na mvua ya Uasin Gishu unashika kutu haraka. Nyasi zinaota kwa sababu hakuna anayekata. Mtu anatupa takataka kwa sababu haoni kama kuna kinachopita. Mama anatandika gunia la mitumba kwa sababu anajua ana saa kadhaa kabla ya kuinuka. Hakuna anayetandika nguo mahali ambapo treni inapita kila dakika ishirini.

Hapo kwenye gunia la mama ndipo ninapoogopa. Kwa sababu katika nchi hii, serikali ikisema usafi, mara nyingi inamaanisha watu. Wiki ya usafi ikitangazwa, kanjo wanakuja na lori kabla ya fagio. Kibanda ni uchafu. Mama mboga ni uchafu. Kijana mwenye toroli ni uchafu. Februari 2021, Kibos, Kisumu, nyumba za watu, wengi wao jamii ya Wanubi walioishi hapo vizazi na vizazi, zilibomolewa ili reli ifufuliwe. Ilifanyika usiku, wakati wa kafyu ya korona. Reli ilisafishwa, eti.

Utaniambia, lakini wamekaa kwenye ardhi ya reli, na wakigongwa na treni utasema nini? Nakubali kabisa kwamba reli si soko. Mtu kuuza nyanya katikati ya mataruma ni hatari, na anayemtetea abaki pale hampendi. Lakini kuna njia mbili za kumwondoa. Kibera na Mukuru, Shirika la Reli kwa pesa za Benki ya Dunia liliwajengea waliokuwa kwenye hifadhi ya reli nyumba na vibanda vya biashara pembeni. Mpango ule ulichukua miaka na ulikuwa na lawama zake. Hata hivyo ulianza na swali sahihi: huyu mtu akitoka hapa anaenda wapi? Mpango wa mashine ya maji hauna swali hilo. Maji yenye nguvu ya kung'oa utando kwenye chuma yakipita, kila mtu atakimbia, na picha itatoka nzuri.

Halafu kuna maji yenyewe. Eldoret inakunywa maji ya Chebara, bwawa lililo juu kaunti jirani ya Elgeyo Marakwet, pamoja na mabwawa yetu kama Two Rivers na Ellegirini. Watu wa Elgeyo Marakwet wamelalamika kwa miaka kwamba maji yanatoka kwao na wao wanabaki na mitungi. Huku chini nako, mfereji wa Langas ukikauka, mtungi wa lita 20 unapanda bei na mkokoteni unapiga foleni. Ukiwa na mji wa namna hiyo, kumwaga maji safi juu ya chuma chenye kutu ili wageni wa siku ya sherehe waone kinang'aa ni matusi. Sitafuti neno la adabu zaidi.

Najua nitakavyojibiwa. Mmoja atasema napinga maendeleo, kwamba ndiyo sababu sikumaliza chuo. Sawa. Mwingine, mwenye akili zaidi, atasema treni haiwezi kuja kabla reli haijasafishwa, kwa hiyo nimeweka mkokoteni mbele ya punda. Huyo namjibu. Kweli, kuna kazi ya kwanza ya kuchimbua, kuzibua mifereji, kukaza na kubadilisha. Hiyo ifanywe mara moja kama ilivyofanywa Nanyuki. Lakini baada ya hapo lazima treni zije na ziendelee kuja, la sivyo baada ya misimu miwili ya mvua tutakuwa tumerudi pale pale, safari hii tukiwa na mashine ya bei ghali iliyoegeshwa kwenye yadi ikisubiri spea. Kenya tunazijua hizo yadi.

Basi tunataka nini? Nitasema kwa namba, mtu asije akasema vijana wa mtandaoni hulalamika tu.

Kwanza, magenge ya reli yarudi. Vijana wa hapa hapa waajiriwe kwa mkataba wa kueleweka, wawe na buti, glavu na bima, kila kundi na kipande chake kati ya Plateau na Turbo. Wasiwe wa wiki moja ya kamera.

Pili, mifereji. Maji ya mvua yanayoshuka kutoka mtaani yasiishie kwenye kokoto. Hii ni kazi ya kaunti na Shirika la Reli kukaa meza moja, kitu ambacho hakihitaji mkopo.

Tatu, mapipa ya taka, vivuko vya miguu na soko pembeni ya hifadhi. Soko lijengwe kabla mtu hajaambiwa ainuke.

Nne, treni. Moja tu kwa kuanzia. Itoke Turbo alfajiri, ipite Leseru, iingie Eldoret kabla ya saa mbili. Nyingine itoke Plateau. Jioni zirudi. Muulize mwanafunzi anayelipa matatu nauli inayopanda kila mvua ikinyesha, muulize fundi anayetembea kutoka Maili Nne kwa sababu siku haikuwa nzuri, kama anajali behewa litakuwa na rangi gani.

Treni hiyo ikianza kupita, fanya jaribio la bure. Baada ya wiki tatu nenda ukaangalie uso wa reli. Utakuwa unang'aa na hakuna aliyemwaga hata kikombe. Mbuzi watakuwa wamejifunza ratiba. Na ikitokea siku moja miti ya Uasin Gishu ikapukutisha majani mengi hadi treni zetu, kwa wingi wake, zikawa zinateleza, nitakuwa wa kwanza kuandika tununue ile mashine ya Waingereza. Natamani sana tufike kwenye shida hiyo.